Miti Miwili ya Kipoi

Begani mwangu, upande wa kushoto, nina nundu ndogo ya nyama ngumu. Haiumi. Mke wangu akiwa na furaha nami huigusa, na akikasirika husema hiyo ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu iliyosoma. Wenzangu wa rika langu walitoka katika miaka ile na vyeo. Mimi nilitoka na nundu, na sijatamani kubadilishana na yeyote.

Niliipata Ngungu, miaka michache baada ya uhuru, vita vilipokuwa vimetapakaa upande wa Walikale. Sisi tuliviita vita tu. Redio za nje ziliviita vita vya Kongo, na serikali za huko zilikaa zikivijadili: zilete ndege au zisilete, zilipe askari au zisilipe. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba vita vyetu, kwao, vilikuwa vita vya ugenini. Wakati ule nilidhani tuko pamoja.

Nieleze kwanza nilivyokuwa. Mimi ni mzaliwa wa msituni, Walikale, na huko nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa na kalamu ya wino, redio ya betri, na Kifaransa nilichokipenda kuliko nilivyowapenda watu wengi. Kila jioni nilikaa mlangoni nikisikiliza sauti laini kutoka Ulaya na Amerika zikisema kwamba nchi zao hazitawaacha Wakongomani peke yao. Jirani akipita na mzigo wa kuni, akinisalimu, nilimwinulia kidole anyamaze. Kichwa kilikuwa kimenivimba, na hapakuwa na mtu wa kunitoboa isipokuwa mke wangu, naye ni mpole.

Hata askari weupe wa kukodiwa hawakunitoa katika imani hiyo. Walipita Walikale na magari yao, wakalala darasani mwangu siku mbili, wakapasua madawati wakapikia, wakala na mbuzi wa shule. Mke wangu aliniuliza kama hao ndio ile amani ya redio. Nikawatetea. Nilimwambia waliowatuma ni serikali za watu wastaarabu, na fundi hodari huchafua nyumba kabla ya kuitengeneza. Aliitazama ile nyumba iliyochafuliwa, akachukua ufagio.

Tulikuwa tumeshazika mtoto mmoja. Uchungu ulimshika mke wangu siku tatu, na mtoto akatoka amekwisha kufa. Daktari wa Goma, mama wa Kizungu mwenye mikono mikubwa, alituambia baadaye bila kupindisha maneno: nyonga ni nyembamba, mtoto anayefuata atatolewa kwa kupasuliwa, na mama awe hospitalini kabla uchungu haujaanza. "Mkiungoja uchungu nyumbani," alisema, "mtazika wawili." Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo. Kwa hiyo mke wangu aliposhika mimba tena nilifurahi na kuogopa kwa pumzi moja.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano Walikale ilipokuwa haikaliki tena. Tulifunga mizigo tukapanda milima ya Masisi hadi Ngungu, kwao mke wangu, kwa wazazi wake wakulima wa maharage, mihogo na ndizi. Nikawa mkwe anayelishwa. Baridi ya Masisi ilinitesa. Nilivaa mashati mawili na koti la shule, na watu wa kilima wakaniita mtu wa jua aliyepotea njia. Niliwacheka nao wakanicheka, lakini moyoni nilijiona mgeni wa heshima aliyewashukia.

Kilima kile kilikuwa na kipoi chake. Zamani kipoi kilikuwa kiti cha kumbebea bwana mkubwa wa serikali ya kikoloni. Watu wa Ngungu walikigeuza kitanda cha kumbebea mgonjwa. Ni miti miwili mirefu ya mti mgumu, iliyokauka miaka, na katikati yake kitanda kilichosukwa kwa matete. Mgonjwa akizidiwa, pembe hupigwa, na kila mwanaume wa kilima huacha alichoshika akaja kuweka bega. Asiyekuja hutozwa mtungi wa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Wanawake hufuata na chakula. Na sheria kubwa ni moja: asiyebeba habebwi.

Kulikuwa na miiko midogo pia. Njiani ni marufuku kutamka kwamba mgonjwa ni mzito. Na ile miti miwili, kipoi kisipokuwa kazini, hulazwa chini ya paa la mkubwa wa kipoi. Haisimamishwi kamwe. Mti uliosimama, walisema, umemkataa mtu.

Mkubwa wa kipoi alikuwa mpasua mbao, mtu mfupi mwenye kifua cha pipa na unga wa mbao kwenye nyusi. Pembe ilipolia mara ya kwanza tangu tufike, mimi nilikuwa napiga pasi shati. Sikutoka. Kesho yake alikuja mwenyewe kuniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

"Papa," nilimwambia, "kwetu misheni ilikuwa na lori. Wakati huu si wa kubebana."

"Hapa kamyo haiko, mwalimu," alijibu. "Kamyo yetu njo mabega."

Alisema hivyo bila hasira, akaaga mama mkwe wangu, akaenda zake. Pembe ililia mara nne nyingine katika miezi miwili, nami mara zote nne nilikuwa na jambo la muhimu redioni.

Mke wangu alikuwa na mpango wake. Mimba ilipoingia mwezi wa nane alisema tuondoke mapema, tuteremke polepole mpaka Sake wakati miguu yake bado inamsikia, tukangojee Goma. Huenda ningekubali. Lakini wiki ileile lilipanda gari dogo la wazi kutoka Sake, na ndani yake afisa kijana wa serikali moja rafiki. Sitaitaja, zilikuwa kadhaa na zilisema kwa mdomo mmoja. Watu wakakusanywa karibu na kanisa, nami nikaitwa kutafsiri. Nilibadilisha shati kwanza.

Afisa alisema barabara itafungwa karibuni, kwa vita na kwa mvua. Serikali yake inataka kuwasaidia watu wa milimani. Kinachohitajika ni uwanja wa ndege, mfupi, wa nyasi, na penye tambarare nzuri ni pale kwenye malisho, upande wa pili wa kijito. Wakiutengeneza, ndege italeta dawa na chakula, na ndege ya kwanza itachukua wagonjwa na wajawazito hadi Goma. Alisema hayo akinitazama machoni, na mimi nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Malisho yalikuwa ya mfugaji mmoja wa pale, mrefu, mwembamba, aliyeuza maziwa kilima kizima. Alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake, akauliza, "Na ng'ombe zangu zitakula nini? Zitakula ndeke?"

Watu wakacheka. Nikamjibu mimi badala ya afisa. Kumtafsiri tu hakukunitosha, niliongeza yangu. Nilisema mimi mwalimu ninazijua nchi hizo, ninazisikiliza kila siku, neno lao ni neno. Nilisema mke wangu mwenyewe atapanda ndege hiyo. Nilijipalia makaa mbele ya watu mia na kidogo, kwa Kiswahili safi.

Tulifanya kazi wiki tatu. Wanaume waling'oa visiki, wanawake walisawazisha vichuguu vya fuko, na ardhi ilipokuwa bado laini mfugaji akaleta ng'ombe wake wote, akawatembeza huku na huku siku nne mpaka wakaushindilia uwanja kwa kwato. Sijaona kazi nzuri kama ile. Nilizunguka na karatasi mkononi nikiandika majina ya wagonjwa: bibi wa kikohozi, mtu wa jipu la mgongo, mjamzito mwingine, na wa kwanza kabisa, mke wangu. Mke wangu aliyaona majina yale na kusema bado tunaweza kuteremka kwa miguu. Nikamwambia mke wa mwalimu hawezi kwenda kujifungua kwa miguu wakati ndege inakuja. Akaendelea kuchambua maharage.

Jambo la mwisho lililotakiwa lilikuwa bendera mbili nyeupe, kila ncha ya uwanja moja, juu kabisa, rubani azione. Tukatafuta miti mirefu iliyonyooka. Mianzi ilipinda. Mimi nikakumbuka ile miti miwili chini ya paa la mpasua mbao.

"Hiyo haisimame," alisema.

Nikamwuliza, mbele ya watu wote, kipoi cha nini tena ikiwa ndege inakuja. Wengine wakaguna, wengine wakaona mwalimu ana hoja. Alipangusa nyusi. Kisha akaingia chini ya paa, akaifungua miti yake akaitoa mwenyewe, akanipa. "Weye njo umesema," aliniambia. Niliisimamisha siku hiyohiyo, shuka mbili za kanisa zikipepea juu yake, na nikaiona inapendeza.

Ndege ilikuja asubuhi moja ya mawingu mepesi. Tulikuwa tumewapanga wagonjwa kwenye nyasi, wameoga, wamevaa nguo za Jumapili. Mke wangu alikaa juu ya fungu lake la nguo akila muhindi wa kuchoma. Ndege ikatua, ikarukaruka kidogo, ikasimama. Uwanja wetu haukuwa na kasoro, na watu walipiga vigelegele.

Rubani alishuka na karatasi yake. Nikamsogelea na yangu. Alikuwa mtu wa adabu, akaisoma yote, akanirudishia. Majina yake yalikuwa mengine: familia mbili za Wazungu wa mashamba ya pareto, waliokuwa wamefika usiku wa jana kwa gari lao na kulala kwa padri. Raia wa nchi yake kwanza, alisema, ndiyo amri. Nikamwambia tuliahidiwa. Akasema hajui habari hizo, yeye ameagizwa watu saba. Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole. Alimtazama, na ninaapa aliona aibu, kwa sababu alianza kuzungumza haraka.

Ili masanduku yaingie, walishusha magunia manne yaliyokuwa ndani, wakatuachia. Kisha wakaingia wale saba, na mbwa wao wawili. Mbwa mkubwa alipewa kiti karibu na dirisha. Rubani alimfunga mkanda tumboni, taratibu, asiumie. Nilisimama hatua tano kutoka pale na karatasi yangu, nikaona mkanda unavyofungwa, nikasikia unavyolia kukaza. Katika maisha yangu nimefundisha masomo mengi, lakini hilo nilifundishwa.

Ndege ikaondoka. Nyasi zililala, zikainuka tena. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mfugaji alikwenda kufungua gunia moja. Juu yake palikuwa na picha ya mikono miwili inayosalimiana, na ndani maziwa ya unga. Maziwa, kwa watu wa Masisi, nchi ya ng'ombe. Alichovya kidole, akalamba, akafikiri.

"Hii ng'ombe," alisema, "ilikufa na ugonjwa gani?"

Mke wangu ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha tumboni, mkono mmoja umeshika mimba. Wakacheka na wengine. Mimi sikuweza. Akainuka, akapangusa punje za muhindi kwenye kitambaa chake. "Basi turudie nyumbani, Papa," aliniambia. "Miguu inaniuma."

Ilikuwa imevimba. Nilipoitazama siku hiyo, ndipo nilipoelewa kwamba wakati wa kuteremka polepole ulikuwa umepita na mimi ndiye niliyeupitisha.

Siku tisa nilikaa ndani nimegeukia ukuta. Redio sikuifungua. Nilikuwa na hasira na Ulaya yote, na Amerika yote, na kila sauti laini iliyowahi kuniita mwananchi. Lakini hasira kubwa zaidi nilikuwa nayo kwa mtu wa mashati mawili. Siku ya kumi, mapema, mke wangu alisema kiuno kinamkaza na kuachia. Mama mkwe alimpapasa akasema si uchungu bado, ila uko njiani. Nikavaa, nikaenda kwa mpasua mbao.

Alikuwa juu ya jukwaa la msumeno, mwenzake chini, wanakata. Nikasimama nikaeleza. Hakuacha kukata. Msumeno ulipanda ukashuka mpaka ubao ukafika mwisho wake na kuanguka. Ndipo akashuka.

"Weye hubebake," alisema.

"Najua, Papa. Sina la kusema."

"Unasema vile kwani unajua kintu?" Alipangusa nyusi. "Bibi yako iko mu kipoi tangu alifika. Pembe ikilia, anakuja na sahani ya chakula. Na mutungi ya faini yako, kila mara analeta. Kila mara. Jina yako haijatoka hata siku moja."

Nikakumbuka ndizi za baba mkwe zilivyokuwa zikiisha, na mimi nikidhani ni nyani. Machozi yalinitoka pale pale kwenye unga wa mbao, mbele ya mtu wa msumeno wa chini ambaye hata sikumjua vizuri. Mpasua mbao alingoja nimalize.

"Enda ung'oe miti," alisema. "Weye njo ulisimamisha, weye njo utalalisha."

Nikakimbia uwanjani. Niliichimbua kwa jembe la mama mkwe na kwa kucha, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, nikaibeba yote begani na shuka za kanisa zikiburuta nyuma yangu. Nilipokuwa narudi pembe ilikuwa inalia tayari, na wanaume walikuwa wakiteremka kutoka kila upande, wengine bado na udongo mikononi. Matete yakafungwa juu ya miti. Shuka moja ikawa godoro, nyingine ikawa kivuli cha usoni. Mke wangu akalazwa. Wabebaji ni wanane kila zamu, wawili kila ncha ya mti. Mpasua mbao akanipanga mbele kushoto, mahali pa mume, ambapo hapabadilishwi zamu mpaka mwisho wa safari.

Kutoka Ngungu hadi Sake kwa kipoi ni siku mbili, kwa njia za miguu, mbali na barabara ya wanajeshi. Kilima cha kwanza tu nilipumua vibaya nikasema, "Jamani, uzito huu." Kipoi kizima kikasimama.

"Mutungi moja," alisema mpasua mbao bila kugeuka.

"Ataleta mwenyewe safari hii," sauti ya mke wangu ikatoka chini ya shuka, na watu wakacheka mpaka kipoi kikatikisika. Nikajifunza kubeba na mdomo uliofungwa.

Kwenye kijito ambapo mpaka wa kilima chetu unaishia, pembe yetu ililia, na upande wa pili pembe nyingine ikaitika. Wanaume wa kilima cha pili walikuwa wameshuka wanangoja. Wakaweka mabega chini ya miti hata kabla wetu hawajayatoa. Ndivyo ilivyokuwa njia nzima, kilima hadi kilima. Hakuna aliyeuliza ni nani, wala wa kabila gani, wala yuko upande gani wa vita. Waliuliza jambo moja tu: "Iko mwanamuke ao mwanaume?" ili wajue jinsi ya kufunga mkeka. Mimi niliyekaa miaka nikingoja mataifa yaje, nilibebewa mke wangu na watu ambao hadi leo sijui sura zao, kwa sababu mtu wa kipoi huoni uso wake, unaona kisogo.

Mfugaji alikuja nasi mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Alitembea pembeni na kibuyu cha maziwa, kila mapumziko akimnywesha mke wangu, akimhakikishia kwamba haya ni ya ng'ombe mzima. Bega langu lilichubuka siku ya kwanza, likapasuka siku ya pili. Nilipoliona ziwa chini kule Shasha, la buluu na limetulia, nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuitarajia. Bado nilikuwa na hofu. Lakini sikuwa peke yangu nayo, na hofu iliyogawanywa kwa mabega manane unaweza kutembea nayo.

Sake tulipata lori la viazi, na jioni tuko Goma. Yule daktari mwenye mikono mikubwa alikuwapo. Alimtazama mke wangu, akatazama kipoi, akatazama bega langu, akasema tumefika na saa chache mkononi. Akampasua usiku huohuo. Asubuhi nilipewa binti, mweusi kwa hasira, analia kama anadai maelezo. Mama yake alikuwa hai.

Nilimwuliza daktari kwa nini hakupanda ndege ya kwao. Najua ilikuja kumchukua na yeye. Alikuwa ananawa. "Nilikuwa na kazi," alisema, na kuendelea kunawa. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sijawahi kuwachukia Wazungu, na watoto wangu sikuwafundisha hivyo. Mtu ni mtu, ana mikono, utajua anaiweka wapi. Serikali ya mbali ina mikono kwenye picha ya gunia.

Tulirudi Ngungu mvua zilipopungua, mtoto mgongoni. Nilipeleka ile mitungi ya kasiksi mwenyewe, yote, hata ile iliyokwisha kupelekwa, na tuliinywa siku nzima. Sikuhama tena. Nilifungua darasa chini ya paa la mpasua mbao, na miti ya kipoi ililala juu ya vichwa vya wanafunzi wangu. Pembe ikilia katikati ya hesabu, chaki nilikuwa naitupa. Uwanja wa ndege ukarudi kuwa malisho, na ncha moja tukapanda maharage. Udongo ule, tulipoulima upya na samadi yake yote, ulitupa maharage makubwa kuliko popote. Ile miaka, nikiwa mkweli, ilikuwa miaka ya raha.

Binti yetu alikuwa anakaribia miaka mitatu vita vingine viliposikika, safari hii upande wa Bukavu, na askari wale wale wa kukodiwa, ila sasa wamewageuka waliowaita. Na kweli, likapanda gari dogo kutoka Sake. Afisa alikuwa mwingine, mwenye umri, wa serikali nyingine. Watu wakakusanyika, nami nikaitwa kutafsiri, binti yangu mabegani. Sikubadilisha shati.

Alisema serikali yake haitawaacha watu wa milimani. Alisema anajua kulikuwa na uwanja hapa. Usafishwe, na miti miwili mirefu isimamishwe kwa ajili ya bendera, na ndege ya kwanza itachukua wagonjwa. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza hata la salamu. Watu walisikiliza kwa adabu. Bibi mmoja aliuliza kama mbwa watakuja wenyewe au wataletwa. Nalo nikalitafsiri, lakini afisa hakuelewa.

Alikuwa anajibu, au anajaribu kujibu, pembe ilipolia. Ng'ombe dume alikuwa amemvunja mguu mfugaji wetu wa maziwa, mfupa uko nje. Kikao kikavunjika. Kufumba na kufumbua tumebaki wawili, mimi na afisa, na nyuma yetu wanaume wanafunga matete. Nikamshusha binti yangu, nikampa mama yake.

"Unakwenda wapi?" afisa aliniuliza kwa Kifaransa. "Hatujamaliza."

Nikamwambia nimeitwa. Akataka kujua nani atamtafsiria. Kipoi kilikuwa kimeinuka. Mfugaji juu yake anasaga meno, fimbo yake ameikumbatia. Nikaenda mahali pangu, nikaweka bega. Ndipo nikaona nyuma kulia pana nafasi, mtu wa pale hajafika. Nikageuka, nikamwonyesha afisa lile pengo kwa mkono, kwa heshima zote. Bega lake lilikuwa zuri, pana kuliko langu.

Alitazama saa yake.

"Twende," alisema mfugaji kutoka juu. "Mvua inakuya."

Tukaondoka. Kwenye kilima cha kwanza mtu mmoja alitukuta akikimbia, bado na jembe mkononi, akalitupa vichakani na kuweka bega nyuma kulia.